Fuata Bomba Kabla ya Kulaumu Pampu: Ushauri kwa Wenye Ndege Ndogo za Zamani Nyanda za Juu

Anayetaka kununua ndege ndogo ya zamani huuliza kwanza injini imebakiza saa ngapi kabla ya kufunguliwa, kisha huuliza hali ya redio, kisha bei. Wachache huuliza mafuta yanatokaje kwenye tangi hadi yafike kwenye kabureta. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini swali hilo lingepaswa kutangulia mengine yote. Kiwanja cha Nduli, Iringa, kipo mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Magurudumu yakiwa bado ardhini, ndege yako tayari ipo juu kuliko ya mwanafunzi anayezunguka kiwanja cha Dar es Salaam.

Naandika nikiwa Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa mjini, na nina wasomaji wa aina mbili akilini. Wapo wenye ndege, marubani na mafundi wa ndege za injini ya petroli zinazotua Nduli, Songwe na kwenye viwanja vya nyasi na changarawe vya Mufindi na Ruaha. Na wapo vijana wa mchepuo wa PCM katika shule yetu ya sekondari hapa mlimani, wanaoniuliza kama fizikia wanayosoma itawafikisha popote. Itawafikisha. Ushauri mzima ninaoutoa hapa unatokana na mada ya presha wanayofundishwa darasani.

Ushauri wenyewe nautanguliza: usiguse pampu kabla hujafuata bomba. Anza kwenye mfuniko wa tangi, telemka kwa kidole na tochi, pita kwenye koki, kwenye chujio, kwenye kila kona na kila kiungo, mpaka uingie kwenye injini. Ukimaliza safari hiyo utakuwa umejua ndege yako ni ya mpangilio gani, na mara nyingi utakuwa umeuona ugonjwa kabla hujafungua hata boliti moja ya pampu.

Ndege si ngeni katika milima hii. Mwezi Januari 1932 shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za kufika mpaka Cape Town, ndege zake zilitoka Nairobi zikapita Moshi na Dodoma, zikatua Mbeya, kisha zikaendelea Mpika katika Rhodesia ya Kaskazini. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1929, Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha Wilson Airways jijini Nairobi kwa ndege ndogo zilizofika hadi Tanganyika. Mwaka 1946 East African Airways ilianza kazi na ndege aina ya Dragon Rapide, zenye mabawa mawili kila upande na injini mbili. Tangu enzi hizo mpaka Cessna na Piper zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970, ambazo bado zinaruka, wabunifu wamekuwa wakijibu swali moja kwa njia tofauti: mafuta yapo pale, injini ipo hapa, nani atayasafirisha?

Mpangilio wa kwanza hauna pampu kabisa. Tangi hukaa juu, injini hukaa chini, na uzito wa mafuta yenyewe hufanya kazi yote. Tiger Moth, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1931, ina tangi la lita 86 hivi katikati ya mabawa ya juu. Piper J-3 Cub ina tangi nyuma tu ya injini, na geji yake ni waya unaochungulia kwenye mfuniko, ukishuka na mafuta yameshuka. Cessna 170, na zile 172 za zamani zenye kabureta, hubeba mafuta ndani ya mabawa juu ya kichwa cha rubani. Watu huuita mpangilio huu kuwa ni wa kizamani. Mimi nauheshimu kuliko yote, kwa sababu kitu kisichokuwepo hakiwezi kuharibika.

Lakini una bajeti ndogo sana ya nguvu. Petroli ya ndege ina uzito wa takriban kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo kila mita moja ya kimo kati ya usawa wa mafuta tangini na kabureta huzaa presha ya kilopaskali 7 hivi. Katika ndege nyingi ndogo huipati hata mita hiyo moja. Ndege ikiinua pua kupanda, injini nayo huinuka na kimo hupungua. Mafuta yakikaribia kwisha, hupungua tena. Ndiyo maana bomba lililobonyea kidogo, chujio lililoanza kuziba, au mpira mpya uliokatwa mrefu ukapinda kwa juu, vinaweza kuzima injini isiyo na kosa lolote. Kupinda kwa juu nakutaja makusudi, maana pale kwenye kilele ndipo mvuke hujikusanya na kukaa.

Kanuni za Marekani, ambazo ndege nyingi kati ya hizi zilithibitishwa kwazo, zinataka mfumo usio na pampu utoe asilimia 150 ya mafuta ambayo injini hutumia wakati wa kuondoka, na mfumo wenye pampu utoe asilimia 125. Kipimo hicho unaweza kukifanya karakana. Chukua injini inayotumia lita 50 kwa saa ikiwa na nguvu zote. Asilimia 150 yake ni lita 75 kwa saa, yaani lita moja na robo kwa dakika. Weka pua ya ndege juu kwa pembe ya kupandia, acha mafuta kidogo tu tangini, fungua bomba pale linapoingia kwenye kabureta, kinga kwenye chombo chenye alama na utazame saa. Fanya hivyo nje, mbali na moto, ndege ikiwa imeunganishwa kwa waya na ardhi, na fundi mwenye leseni akiwepo. Ukipata lita moja badala ya moja na robo, usijipe moyo kwamba ilitosha jana. Kuna kitu kimeziba, na kitaendelea kuziba.

Kwa wenye Cessna 172 za zamani nina neno la pekee. Baadhi ya ndege hizo zina kibandiko karibu na koki ya mafuta kinachomwambia rubani kwamba akifika kwenye kimo cha safari kilicho zaidi ya futi 5,000, aiondoe koki kwenye nafasi ya matangi yote mawili na atumie tangi moja. Kibandiko hicho kilitokana na agizo la usalama la mamlaka ya anga ya Marekani miaka ya 1970, kwa sababu mvuke ulikuwa ukijikusanya ndani ya mabomba na kukatisha mafuta. Sasa tazama: njia ya kurukia ya Nduli yenyewe ipo karibu futi 4,700. Rubani wa pwani anaweza kuruka mwaka mzima bila kukihitaji kibandiko hicho. Rubani wa Iringa anakihitaji karibu kila safari. Kama kwenye ndege yako kimechubuka au kimepakwa rangi juu yake, kirudishe, na umsomee kila anayeiazima.

Mpangilio wa pili ni wa ndege ambazo mabawa yake yapo chini. Humo mafuta yapo chini ya injini, na lazima kitu kiyapandishe. De Havilland Chipmunk ilipewa pampu mbili za kiwambo, zote zikiendeshwa na injini, ili moja ikifa nyingine iendelee. Piper Cherokee, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina moja ya kiwambo kwenye injini na nyingine ya umeme ya kuisaidia.

Pampu ya kiwambo ni kifaa cha akili nyingi. Mkono wake husukumwa na injini na kuvuta kiwambo cha mpira, ambacho mafundi wengi hukiita dayaframu. Valvu ya kuingizia hufunguka, mafuta huingia. Mkono ukiachia, springi ndiyo inayokirudisha kiwambo na kuyasukuma mafuta kwenda kwenye kabureta. Kabureta ikijaa, springi hubaki imebanwa ikisubiri. Kwa hiyo presha haitokani na kasi ya injini, inatokana na springi, na pampu haiwezi kuigharikisha kabureta iliyo nzima. Ukiifahamu sentensi hiyo utaacha kubadilisha pampu kwa kubahatisha. Presha ikiwa chini, tatizo ni springi, kiwambo, valvu, au njia ya kuingilia. Nyumba ya pampu yenyewe haichoki.

Hapa ndipo fizikia ya vijana wetu inapohitajika. Tunasema pampu inavuta mafuta, lakini kwa kweli haivuti. Ni kama kunywa soda kwa mrija: unapunguza hewa mdomoni, na hewa ya nje inayolalia soda ndiyo inayoisukuma ipande. Pampu hufanya hivyohivyo. Hupunguza presha upande wake wa kuingilia, na hewa iliyomo tangini ndiyo inayoyasukuma mafuta kwenda kwake. Pwani hewa hiyo ina presha ya kilopaskali 101. Nduli ni 85 hivi. Kwenye mita 3,000, kimo ambacho ni kidogo tu kupita kilele cha Mlima Rungwe, ni 70. Anayesukuma amedhoofika kwa karibu theluthi moja, na kazi ni ileile.

Kuna jambo la pili linalokuja pamoja na hilo. Kila kimiminika huchemka pale presha inayokikandamiza inaposhuka chini ya presha ya mvuke wake. Petroli ya ndege hutengenezwa ili presha ya mvuke wake, kwenye joto la nyuzi 38, iwe kati ya kilopaskali 38 na 49. Petroli ya gari inaweza kuzidi 60. Piga hesabu mwenyewe: upo mita 3,000, presha ya nje ni 70, bomba linapita karibu na ekzosi na mafuta yamefika nyuzi 38. Kwa petroli ya ndege umebakiwa na nafasi ya zaidi ya 20. Kwa petroli ya gari huenda umebakiwa na chini ya 10, na pampu inayohangaika na chujio chafu inaweza kuzimaliza kwa mvuto wake tu. Mafuta yanachemka ndani ya bomba, pampu inapiga mvuke, na injini inakohoa. Pampu ukiifungua baadaye ni nzima kabisa.

Kutokana na hesabu hiyo nina mambo matatu ninayoyashikilia bila kulegea. Petroli ya kituo cha mafuta cha barabarani isiingie kwenye ndege ambayo haina kibali cha maandishi cha kuitumia, hata kama jirani anaitumia na bado anaruka. Bomba la upande wa kuingilia ndilo litunzwe kuliko bomba la upande wa kutokea: lifunikwe dhidi ya joto, lisiwe na kona zisizo za lazima, viungo vyake visinyonye hewa. Na pampu ya umeme ikae pale mtengenezaji alipoiweka, ili ipokee mafuta kwa urahisi na isukume kwa nguvu zake. Nimeona watu wakiihamishia karibu na injini kwa sababu panafikika kirahisi. Wameihamishia mahali pabaya kuliko pote, penye joto zaidi na penye mvuto mrefu zaidi.

Kiungo kinachonyonya hewa kina hila yake. Upande wa kutokea, kiungo kibovu hudondosha mafuta na utaliona doa. Upande wa kuingilia hakidondoshi tone, kwa sababu ndani presha ni ndogo kuliko nje. Kinaingiza hewa kimyakimya. Dalili yake ni sindano ya geji ya presha inayotetemeka, na injini inayotulia pampu ya umeme ikiwashwa. Marubani wengi wakiona injini imetulia hushukuru na kuendelea na safari. Tua kwanza, ukague.

Mwenye Cherokee ana njia nzuri ya kuzipima pampu zake mbili kila siku bila gharama yoyote. Washa ya umeme kabla ya kuwasha injini, usikilize mlio wake na utazame geji ikipanda. Injini ikishawaka, izime ya umeme uone kama ile ya injini inaishikilia presha peke yake ndani ya alama ya kijani, ambayo kwa kawaida ni kati ya paundi 0.5 na 8. Wakati wa kuondoka, wa kutua na wa kubadilisha tangi, ya umeme iwe inafanya kazi. Ukishapanda hadi kimo cha usalama, izime huku macho yakiwa kwenye geji na kiwanja kikiwa bado karibu. Asiyetazama geji wakati huo hajapima chochote. Na usishangae koki ya Cherokee kukosa nafasi ya matangi yote mawili. Pampu ikiunganishwa na matangi mawili kwa pamoja, moja likikauka itanyonya hewa kutoka humo na kuliacha lile lenye mafuta. Koki ya namna hiyo humdai rubani saa ya mkononi na nidhamu ya kubadilisha tangi kwa wakati.

Mpangilio huu umethibitika katika mazingira magumu ya kwetu. Daktari Anne Spoerry, aliyejulikana Kenya kwa jina la Mama Daktari, alihudumu na Madaktari Wanaoruka wa AMREF tangu miaka ya 1960 hadi karibu na kifo chake mwaka 1999, akitua kwa Piper Cherokee kwenye viwanja vya vumbi vya kaskazini na vya pwani ya Lamu. Pampu hizo hazina udhaifu wa kuogopesha. Zinahitaji mtu anayezifahamu.

Mpangilio wa tatu ndio unaowachanganya wengi: injini zisizo na kabureta, ambazo mafuta hupulizwa kwa presha kwenye kila silinda. Cessna 206 na 210 zenye injini za Continental zinajulikana sana katika safari za porini Afrika Mashariki. Mabawa yapo juu, kwa hiyo mafuta hushuka yenyewe mpaka kwenye vitangi vidogo vilivyo chini ya sakafu. Toka hapo pampu ya injini huyachukua, huyasukuma kwa wingi unaofuata kasi ya injini, na yanayozidi hurudi pamoja na mvuke wake. Pampu ya umeme ipo kwa ajili ya kuwashia na kwa dharura. Katika nyingi za zamani swichi yake imegawanywa nusu mbili, ya njano ya kuwashia na nyekundu ya dharura.

Usiiguse nusu nyekundu kwa mazoea ya Cherokee. Katika injini nyingi za Lycoming, kuwasha pampu ya umeme wakati wa kuondoka ni jambo la kawaida, maana kifaa cha kugawa mafuta huchukua kinachohitaji na kuzuia kinachozidi. Katika Continental ya zamani, kuifungulia pampu ya dharura wakati ile ya injini ni nzima kunaweza kuizidishia injini mafuta mpaka izame. Rubani aliyezoea ndege moja na kuhamia nyingine bila kufundishwa tofauti hiyo ni hatari kuliko pampu kuukuu. Kama ndege yako inatumiwa na marubani zaidi ya mmoja, hili walisome kwenye kitabu cha ndege hiyohiyo, na wakuoneshe kwa mkono kabla hujawapa ufunguo.

Ndege hizi zina tabia nyingine ambayo wasafiri wa Ruaha wanaifahamu. Unatua Msembe saa saba mchana, unazima injini, wageni wanapiga picha, baada ya dakika ishirini unataka kuondoka na injini haiwaki. Joto la injini iliyozimwa limepanda juu na kuyachemsha mafuta ndani ya mabomba membamba. Kuendelea kuzungusha stata ni kuiua betri bure. Katika Continental nyingi dawa ni kuufunga mchanganyiko kabisa, kufungua throto yote, na kuiendesha pampu ya umeme kwa nguvu zaidi kwa nusu dakika hadi dakika moja ili mafuta ya baridi yazunguke kupitia pampu ya injini na kuurudisha mvuke tangini. Kisha unaizima na kuwasha kwa utaratibu wa kawaida. Hakikisha kitabu cha ndege yako kinakubali hivyo. Na ukitua, geuza pua itazame upepo, na ufungue kimlango cha oili ili joto litoke. Hilo halihitaji kibali cha mtu.

Pampu za mkono nazitaja kwa ufupi. Ndege kama Beaver, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1947 ikiwa na matangi tumboni, ina mkono wa kupandishia presha kabla injini haijawaka na wa kuokolea pampu ya injini ikifa. Cessna na Piper nyingi zina kile kipampu cha kuvuta na kusukuma cha kuamshia injini. Kikiachwa bila kufungwa, injini huendelea kunyonya mafuta kupitia humo na kukimbia vibaya, na mafundi huhangaika na kabureta siku nzima. Kifunge, kisha ujaribu kukivuta uone kama kimeshika.

Nimesema hewa ndiyo inayosukuma. Basi hewa hiyo lazima iwe na mlango wa kuingilia tangini. Kitundu cha kupumulia ni kidogo na kinadharauliwa, lakini kikiziba hakuna pampu itakayokuokoa. Tangi litajinyonya mpaka mafuta yasimame, na matangi ya mpira yaliyo ndani ya mabawa yanaweza kuvutwa na kujikunja. Beryl Markham, aliyekulia Njoro nchini Kenya, aliruka peke yake kutoka Uingereza Septemba 1936 akivuka Atlantiki kuelekea magharibi kwa ndege aina ya Vega Gull iliyojazwa matangi ya ziada. Alikuwa akilimaliza tangi moja ndipo afungue jingine. Injini ilimzimikia juu ya pwani ya Nova Scotia, Kanada, na akaangukia kwenye kinamasi huku tangi la mwisho likiwa bado na mafuta. Sababu iliyoelezwa baadaye ni barafu iliyoziba njia ya hewa ya tangi hilo.

Huku kwetu barafu si tishio kubwa, nyigu ndio tishio. Nyigu wajengao kwa udongo wanapenda kitundu cha kipimo hichohicho, na wana uwezo wa kukiziba ndege ikiwa imeegeshwa siku chache tu. Tengeneza vizibo vyenye utepe mwekundu mrefu, uviweke kila unapoegesha, na uvihesabu unapovitoa. Baada ya safari ya kwanza ndefu, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, kitundu kina tatizo.

Kisha maji. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua hutafuta njia kupitia mifuniko iliyolala sawa na bawa, yenye pete za mpira zilizokauka. Juni na Julai, baridi ya usiku ya Mbeya na Iringa hufanya umande ndani ya tangi lililoachwa nusu. Jaza tangi jioni kama uzito wa safari ya kesho unaruhusu. Asubuhi toa sampuli kwenye kila koki ya chini, ukianza na za mabawani na kumalizia ya chujio la injini, na uitazame dhidi ya mwanga. Petroli ya ndege ya 100LL ni ya buluu. Isiyo na rangi yoyote inaweza kuwa maji matupu, au mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa na yataiharibu injini yako wakati wa kupanda. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli hupotea, mafuta ya jeti huacha doa la grisi.

Anayenunua kwa mapipa ya lita 200 alaze pipa au aliinamishe ili mvua isikae kwenye vizibo, aliache litulie kabla ya kulifungua, achote kidogo kutoka chini kabisa kwanza, na asipitishe tone tangini bila chujio linalozuia maji. Pia piga simu kiwanjani kabla ya kuondoka. Ndege nyingi za abiria wachache siku hizi ni za tabaini kama Caravan, zinazotumia mafuta ya jeti, na petroli ya ndege huipati kila unapotua.

Limebaki suala la vipuri, na hapa nazungumza na mfuko wa mwenye ndege. Pampu za kiwambo za ndege za Kiingereza ni za ukoo mmoja na zile za magari ya zamani. Aliyewahi kufungua pampu ya Land Rover ya petroli ataitambua ya Chipmunk kwa kuiangalia tu. Kishawishi ni kikubwa, maana moja utaipata kwa mafundi wa magari mjini na nyingine utaisubiri miezi. Lakini kufanana kwa nyumba hakukuambii springi ina nguvu gani, mkono wake una urefu gani, wala kiwambo ni cha mpira gani. Kipuri kisicho na cheti cha kutolewa kwa matumizi ya ndege kisifungwe, na kazi yenyewe iandikwe kwenye kitabu cha ndege na fundi mwenye leseni inayotambuliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Soma pia tarehe kwenye mipira ya mafuta. Mpira huzeeka hata ndege isiporuka, na unaweza kumeguka ndani huku nje ukionekana mpya. Oili ikinuka petroli kwenye kijiti cha kupimia, shuku kiwambo kilichotoboka, na usiruke.

Mwenye ndege wa Nyanda za Juu anayetaka kuanza leo achore mchoro wa mafuta wa ndege yake kwenye karatasi moja: matangi, vitundu vya hewa, koki, machujio, pampu, na tarehe ya kila mpira. Aubandike ndani ya kitabu cha ndege. Kisha nawaomba wenye ndege na mafundi jambo moja zaidi. Mnapofungua injini Nduli au Songwe kwa ukaguzi wa mwaka, waiteni vijana wa sayansi wa shule za karibu waje waone, hata kwa asubuhi moja. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji Dar es Salaam kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege, na kijana wa Tosamaganga, Malangali au Mbeya hataomba nafasi ya kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa. Ndege hizi zitaendelea kuruka kwa miaka mingi ijayo kama tutakuwa na watu wa kuzitunza.